Wanawake wa kwanza angani: Vitabu vya watoto vinavyosema na vinavyonyamaza

VITABU vya wasifu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto kuhusu wanawake waliotangulia kurusha ndege ni vingi, hususan vile vinavyochapishwa Marekani, na sehemu kubwa hupita njia moja. Msichana anaitazama anga, watu wanamcheka, anakaza moyo, anaruka. Mtoto hufurahi, kisha huuliza maswali ambayo kitabu hakikuyagusa: fedha alipata wapi, nani alimkatalia, na mbona alikufa?

Kipimo kizuri cha vitabu hivyo ni maisha ya Bessie Coleman, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani. Alizaliwa Januari 26, 1892 katika mji wa Atlanta, jimbo la Texas, akakulia Waxahachie, ambako alichuma pamba pamoja na ndugu zake. Leseni yake yenyewe imeandikwa kuwa alizaliwa 1896, na hiyo ni sababu mojawapo ya umri wake kutofautiana katika machapisho mbalimbali.

Mwaka 1915 alihamia Chicago na kupata kazi ya kutengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi. Ndugu yake John, aliyekuwa amerejea kutoka vitani Ulaya, alimtania kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege na yeye hawezi. Shule za urubani za Marekani hazikumpokea. Robert Abbott, mmiliki wa gazeti la Chicago Defender, alimshauri ajifunze Kifaransa aende Ufaransa. Wenye magazeti hawakosi hesabu zao katika ushauri wa namna hiyo, na habari za Coleman zilinunuliwa kweli.

Alisafiri Novemba 1920 akajiunga na shule ya ndugu wa Caudron huko Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa. Akiwa hapo alimwona mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali, lakini hakuacha masomo. Juni 15, 1921 alipata leseni ya kimataifa.

Maonyesho yake ya kwanza nchini mwake yalifanyika Septemba 3, 1922 karibu na New York. Mwaka uliofuata ndege yake ilianguka California, akavunjika mguu. Alipotakiwa kuruka Waxahachie, mji aliokulia, aliambiwa kuwa wazungu na weusi wataingia kwa milango tofauti. Alikataa kuruka. Mwishowe ukakubaliwa mlango mmoja, ingawa ndani watazamaji walitengwa vilevile. Kisa hicho kingetosha kumfafanulia mtoto wa miaka 8 maana ya ubaguzi wa rangi, pamoja na ukweli kwamba ushindi mwingine huwa nusu.

Aprili 30, 1926 huko Jacksonville, Florida, aliruka na fundi wake, William Wills, aliyekuwa ameshika usukani. Coleman hakufunga mkanda kwa kuwa alitaka kuinama nje aone mahali pa kushukia kwa parachuti katika maonyesho ya siku iliyofuata. Ndege ilipinduka ghafla, akatupwa nje akafa. Wills naye alikufa ndege ilipoanguka. Baadaye ilionekana kuwa spana ilikuwa imekwama katika mitambo ya kuongozea ndege. Shule ya urubani kwa watu weusi aliyokusudia kuifungua hakuwahi kuifungua.

Waandishi wa watoto wameyakabili maisha hayo kwa namna tofauti. Mwaka 1996 Reeve Lindbergh alitoa Nobody Owns the Sky, kitabu cha mashairi yenye vina kinachowafaa watoto wadogo. Mwandishi huyo ni binti wa Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Louise Borden na Mary Kay Kroeger walifuata mwaka 2001 na Fly High!, ambacho ni kirefu zaidi.

Kilichozama zaidi ni Talkin' About Bessie cha Nikki Grimes, kilichotoka 2002. Grimes hakuanza na mtoto akitazama mawingu, bali na msiba. Jamaa na watu waliomfahamu Coleman wamekusanyika kumlilia, na kila mmoja anamsimulia jinsi alivyomjua. Kwa njia hiyo kifo hakifichwi hadi ukurasa wa mwisho, na msomaji anagundua kuwa si wote waliomwona marehemu kwa jicho moja. Picha za E. B. Lewis katika kitabu hicho zilipata Tuzo ya Coretta Scott King mwaka 2003.

Amelia Earhart ndiye aliyeandikiwa zaidi, na ndiye aliyelainishwa zaidi. Ni rahisi kumkuta mtoto anayeamini kuwa mwaka 1928 Earhart aliirusha ndege kuvuka Atlantiki. Ukweli ni kwamba alikuwa abiria. Rubani alikuwa Wilmer Stultz, na Earhart mwenyewe alijifananisha na gunia la viazi. Alivuka peke yake Mei 1932, kutoka Newfoundland hadi Ireland ya Kaskazini, kwa muda wa karibu saa 15. Kitabu kinachoruka mwaka 1928 kinamnyima mtoto sababu ya safari ya 1932.

Kubuni kidogo si kosa, mradi mwandishi aseme. Pam Muñoz Ryan, katika Amelia and Eleanor Go for a Ride cha mwaka 1999, anasimulia usiku wa Aprili 20, 1933 ambapo Earhart na Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, walitoka kwenye chakula cha jioni Ikulu wakaenda kupanda ndege. Hadithini mabibi hao wako peke yao. Kwa kweli ndege ilikuwa na marubani wa kampuni, na mwandishi anaeleza hivyo katika maelezo ya mwisho. Mzazi anayenunua kitabu cha aina hii na aanzie kurasa hizo za nyuma.

Kushindwa nako kunaweza kusimuliwa. Don Brown aliandika Ruth Law Thrills a Nation mwaka 1993, kuhusu rubani aliyeondoka Chicago Novemba 19, 1916 akitaka kufika New York siku ileile. Mafuta yalimwishia akatua Hornell, kilomita 950 hivi kutoka alikoanzia. Ilikuwa rekodi ya Marekani ya kuruka bila kutua, lakini New York aliingia kesho yake.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jina lililo karibu ni Beryl Markham, aliyeletwa Kenya akiwa na umri wa miaka 4, akakulia Njoro na kuzungumza Kiswahili. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, naye pia hakufika New York: ndege yake iliishia matopeni huko Nova Scotia, Canada. Michaela MacColl ameandika utoto wake katika Promise the Night (2011), ambacho ni riwaya, si wasifu. Kwa watoto wadogo kuna The Good Lion, kilichotoka 2005 kwa maneno ya Markham mwenyewe na picha za Don Brown, kuhusu simba aliyefugwa shambani kwa jirani na siku aliyomrukia Beryl akiwa msichana mdogo.