Nchi Isiyo Katika Ramani: Kusadikika na Wasomaji Wake wa Kanda ya Ziwa

Katika wilaya ya Butiama, mkoani Mara, iko kata iitwayo Buswahili. Miongoni mwa kata nyingine za wilaya hiyo zimo Bukabwa, Buruma na Busegwe, na kiambishi bu- kinachotangulia majina hayo ni kile kile kilichozaa Buganda na Buhaya, ambacho Kiswahili hukidondosha konsonanti na kusema Uganda na Uhaya. Bukabwa ni nchi ya Wakabwa. Kwa umbo lake, basi, Buswahili ni nchi ya Waswahili, ingawa bahari iko mbali na lugha za watoto wa maeneo hayo ni Kikabwa, Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu, Kikuria na Kijaluo. Asili ya jina hilo ni kazi ya wanahistoria wa mahali. Linalohitajika hapa ni umbo lake tu: kwamba katika sarufi ya lugha za Mara, Uswahili umeweza kusemwa kama nchi, yaani mahali ambapo mtu huingia na kutoka.

Jambo hilo lina uzito katika historia ya riwaya ya Kiswahili, kwa kuwa sehemu kubwa ya riwaya za mwanzo walizosomeshwa vijana inahusu nchi za aina hiyo hiyo: nchi zisizo katika ramani, zenye mfalme, sheria na lugha zao, ambazo msomaji huingizwa kwa mlango wa siri. Wasomaji wamezihukumu nchi hizo kwa namna zinazopingana. Wako waliozichukua kuwa hadithi za ajabu, wako waliozichukua kuwa fumbo la siasa, na wako waliozichukua kuwa mzigo wa mtihani. Mhadhara huu unazifuata hukumu hizo kwa kukitazama zaidi kitabu kimoja, Kusadikika cha Shaaban Robert, na kwa kuuliza kilisomwaje na vijana ambao Kiswahili chenyewe kilikuwa kwao nchi ya kuingilia darasani.

Shaaban Robert hakuwa wa kwanza kuwapeleka vijana katika nchi ya siri. Mwaka 1929 Frederick Johnson alikuwa amekwisha kufasiri riwaya ya Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambamo wasafiri huvuka jangwa na milima hadi kwenye ufalme ambao dunia haiujui. Mwaka 1940 kikatoka London kitabu cha Lewis Carroll, Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake msichana Elisi alichorwa kuwa mtoto wa Kiafrika. Uamuzi huo wa mchoraji ulikuwa wa busara kuliko ufasiri mwingi wa wakati ule. Katika kitabu cha Haggard kijana wa Kiafrika huiona nchi ya siri kwa macho ya mgeni wa Kizungu anayeigundua. Katika picha za Elisi anayeanguka shimoni na kustaajabu ni yeye mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba Elisi anaishia mahakamani, mbele ya mfalme na malkia wasiojua kuhukumu. Miaka kumi na mmoja baadaye nchi ya siri mashuhuri kuliko zote katika Kiswahili nayo ingejengwa mahakamani.

Kusadikika ilitolewa na kampuni ya Nelson mwaka 1951. Nchi hiyo iko angani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, na mshtaki wake, Waziri Majivuno, anataka auawe. Katika kujitetea Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuiendeleza nchi. Kila mmoja alirudi na neno la manufaa, na kila mmoja aliishia kifungoni. Hadithi imejengwa kwa matabaka: msomaji aliye duniani anapelekwa angani, na kutoka angani anapelekwa tena kwenye nchi nyingine sita, moja wapo ikiwa ardhi anayoikanyaga mwenyewe.

Jina la nchi hiyo linastahili kukaliwa kidogo. Ni kitenzi. Mzizi wake, sadiki, umetoka katika Kiarabu, lakini umevishwa mavazi ya Kibantu mbele na nyuma: ku- ya kitenzi-jina na -ik- ya hali ya kutendeka. Kwa hiyo Kusadikika ni hali ya kuweza kuaminiwa. Lakini ku- katika Kiswahili ni kiambishi cha mahali pia, kama mtu asemapo kwamba kule kumetulia au nyumbani kunafuka moshi. Hali na mahali hukutana katika silabi moja, na mwandishi akaijenga nchi yake juu ya makutano hayo. Hakuiita Uongo, wala hakuiita Ajabu. Aliipa jina linalomkabidhi msomaji kazi, maana kitu husadikika pale tu anapokuwapo wa kukisadiki.

Hapa wasomaji wa Mara hawakuwa sawa wote. Kijana aliyekulia katika Kijita alikuwa na oku- ya vitenzi vyake, na mwenzake wa Kikuria alikuwa na oko- au ogo-, kufuatana na konsonanti inayofuata. Hao, wakisaidiwa kidogo na mwalimu, waliweza kulipasua jina na kuona kilichomo. Kijana wa Kijaluo kutoka Rorya, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hakuwa na ufunguo huo nyumbani. Kwake Kusadikika ingeweza kuwa jina tu, kama London. Inawezekana kabisa kwamba huyu wa mwisho ndiye aliyeisoma nchi hiyo kama nchi, wakati wenzake waliisoma kama wazo. Kwa mtu anayependa hadithi, hiyo si hasara hata kidogo.

Hukumu iliyoenea kuliko zote ni ile ya kisiasa: kwamba Kusadikika ni Tanganyika, kwamba Majivuno na mabwana wenzake ni utawala wa kikoloni, na kwamba hewa na mawingu vilikuwa pazia la kumpitisha mwandishi mbele ya wakubwa. Hukumu hii ina nguvu. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na kitabu chake kilichapishwa na kampuni ya Kiingereza. Lakini ndani ya kitabu hakuna Mzungu, gavana, wala kodi ya kichwa. Watesi wa Kusadikika ni Wasadikika. Ndiyo maana wasomaji wa baada ya uhuru hawakupata taabu kuwatambua Majivuno wengine, waliozaliwa na kukulia nchini mwao, na ndiyo maana hoja kwamba kitabu kilikuwa na shabaha moja tu, mkoloni, haitoshi.

Hata hivyo historia ilikuja kukipa kitabu hicho maana ambayo mwandishi hakuweza kuipanga. Mwaka 1952, baada ya Wameru kuondolewa katika ardhi yao, Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea, akarudi bila ardhi. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyekuwa mwalimu huko Pugu na rais wa TANU, alikwenda New York mbele ya Baraza la Udhamini. Aliporudi alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Msomaji aliyekishika kitabu baada ya mwaka huo alikuwa na mjumbe halisi wa kumlinganisha na wale sita, na msomaji wa Mara alikuwa na mjumbe wa kwao. Fumbo huwa halina mwisho kwa sababu hiyo: mwandishi hulifunga mara moja, lakini matukio huendelea kulijaza.

Kuna mkutano wa kisiasa uliogusa usomaji wa Kanda ya Ziwa kuliko kitabu chochote. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu ya msingi iwe kwa watoto wote ifikapo 1977. Azimio la Musoma, pamoja na kampeni ya kisomo cha watu wazima, liliingiza vijijini wasomaji wa Kiswahili kwa wingi usiopata kuonekana. Mara ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo, kwani ilikuwa mmoja wa mikoa minne ya mradi wa majaribio wa kisomo ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO kuanzia 1968, ambao makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vya mradi ule vilifundisha kilimo cha pamba na migomba, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Vilikuwa na manufaa makubwa, wala si haki kuvibeza. Ila vilimzoesha msomaji mpya kwamba neno lililochapishwa lina kazi ya kutoa maelekezo, na kwamba kitabu kizuri ni kile kinachomwambia mtu afanye nini kesho asubuhi.

Mazoea hayo hayakuishia katika madarasa ya watu wazima. Yaliingia katika ufundishaji wa fasihi. Mwanafunzi alipofungua riwaya aliulizwa dhamira, ujumbe na funzo, na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa 1973, lilihitaji majibu yanayoweza kusahihishwa. Nchi ya siri ikageuzwa kuwa kufuli, na mwanafunzi hodari ni yule aliyelifungua upesi: Karama ni mwanamapinduzi, Majivuno ni dola, mbingu ni kadhaa wa kadhaa. Vyuoni nako, wahakiki wa miaka ya 1970 walioathiriwa na Umarx walimlaumu Shaaban Robert kwa udhanifu, kwa sababu haki katika kitabu chake huletwa na ufasaha wa mshtakiwa na si kwa mapambano ya tabaka. Lawama hiyo ina ukweli wake, maana ni kweli kwamba mfalme anashawishika, Karama anaokoka, na wajumbe wanafunguliwa. Lakini hukumu ya mwalimu wa mtihani na hukumu ya mhakiki wa Kimarx zina asili moja. Zote mbili zinaiuliza nchi ya angani mchango wake katika nchi ya chini, na hakuna hata moja inayokubali kukaa huko juu kwa muda.

Kijana hukubali. Kijana aliyezoea ngano jioni, ambamo msichana humfuata mnyama hadi kwa mazimwi na hakuna anayeuliza kwa mazimwi ni wilaya gani, hana shida na nchi iliyo hewani. Kinachomsumbua katika Kusadikika ni kingine: hotuba ni ndefu, na majina ya wahusika yanatangaza tabia zao kabla hawajatenda lolote. Kwa upande huo Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, kinampendeza zaidi, na ladha yake hapo si mbaya. Humo mna majini, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, mna ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani, na kila usiku Adili analazimika kuwachapa ndugu hao anaowapenda. Kisa kinatokana na hekaya ya Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu hao ni mbwa. Mjeledi ule wa usiku haufungui kufuli lolote la siasa. Unauma tu, na msomaji hukumbuka maumivu yale hata baada ya kusahau dhamira zote alizozikariri. (Ufalme anakotoka mfalme wa kisa hicho unaitwa Ughaibu, yaani kusikoonekana. Leo neno ughaibuni linatumika katika magazeti na hotuba kwa maana ya nchi za nje wanakoishi Watanzania wenye kazi na hati za kusafiria. Huenda ni nadra kwa nchi ya hadithi kupata wakazi wengi kiasi hicho.)

Msomaji mmoja wa Kanda ya Ziwa aliacha ushahidi kamili wa alivyozisoma nchi hizi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, Ukerewe, kisiwa kinachotazamana na Bunda. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Alisoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyopigwa marufuku shuleni, na tasnifu yake ya uzamili ya 1976 ikawa juu ya riwaya za Shaaban Robert. Kwa muda mrefu alionekana kuwa kinyume cha Robert: palipokuwa na ufalme wa angani yeye aliweka kijiji cha Ziwani chenye ulevi, njaa na mimba za wanafunzi. Wasomaji wake walimzoea hivyo.

Kisha mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile. Katika Nagona msafiri anaingia katika mji wa kimya, penye vitabu na wazee, na wanafalsafa wa Ulaya hujitokeza kana kwamba nao wana makazi huko. Ni nchi ya siri tena, lakini safari hii haina mtangazaji wala wakili wa kuieleza. Wasomaji waliokuwa wamefundishwa kufungua makufuli walishika kitabu kisichofika kurasa mia moja, wakajaribu funguo zote walizopewa shuleni. Wengi walisema hakisomeki. Wengine walisema mwandishi ameliacha jukwaa la umma aliloshughulikia miaka ishirini. Wachache waliona kwamba amerudi kwa Shaaban Robert kwa njia ya nyuma, kwani naye anamtuma mjumbe kwenda kusikojulikana, ila amemnyima mahakama ya kurudi kutolea habari zake.

Rai hii ya wachache ndiyo yenye kulielewa zaidi jambo lenyewe. Kezilahabi alikuwa mtoto aliyevuka kutoka Kikerewe kwenda Kiswahili kabla hajavuka kutoka Kiswahili kwenda popote, na mtu aliyevuka hivyo anajua kwamba siku za kwanza katika nchi mpya maneno husikika muda mrefu kabla ya kuwa na maana. Watoto wa Buswahili hupitia siku hizo katika darasa la kwanza, wakimsikiliza mwalimu. Hawaulizi dhamira. Hukaa kimya, hutazama mdomo wa anayesema, na hushika neno moja moja kadiri linavyopita.