Amplifaya ya Siku ya Mahafali

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya mambo ya skuli zama zetu. Habari za mpira nawaachia wenzangu, maana mimi nilikuwa mtazamaji tu. Nitaandika historia ya amplifaya, kwa sababu lipo deni nililolibeba tangu siku ya mahafali mwaka 1997 hapa Wawi.

Waliokuwapo watakumbuka kwamba asubuhi ile umeme ulikatika. Zama hizo Pemba ilitegemea mashine za dizeli za Wesha. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja mwaka 2010. Tulikuwa na amplifaya ndogo ya transista, na betri moja ya gari ya volti 12, ya kuazima. Kwa kuwa nilikuwa nikitengeneza redio za watu mtaani, nilikabidhiwa vyombo. Hofu yangu ilikuwa moja tu: betri isije ikafa kabla ya hotuba ya mwisho. Basi nikaifungua amplifaya, nikakizungusha kile kidude kinachopima umeme wa transista za mwisho zikiwa zimetulia, nikaupunguza mpaka karibu na sifuri. Sikumuuliza mtu.

Nilichokigusa kwa bisibisi kilikuwa kimewasumbua mafundi wakubwa kwa miaka mingi. Mmarekani Lee de Forest alitengeneza vali yenye ncha tatu mwaka 1906, na haukupita muda ikatumika kukuza sauti za simu. Njia ya kwanza ya kuitumia ilikuwa kuiacha ipitishe umeme mwingi wakati wote, mtu aseme asiseme. Sauti hutoka safi, lakini ni sawa na boti iliyofungwa gatini huku mashine yake ikinguruma kwa nguvu zote. Hata kwa hesabu za vitabuni, amplifaya ya namna hiyo haivuki nusu ya umeme inaokula. Iliyobaki ni joto tu.

Njia ya pili ni kuweka vali mbili, au transista mbili, zifanye kazi kama watu wawili wanaovuta msumeno: mmoja akivuta, mwenziwe anapumzika. Hapo matumizi bora yanaweza kufikia 78 kwa 100. Kasoro yake ipo pale wanapopokezana. Kama kila mmoja ameuachia mpini kabisa, msumeno hukwama kidogo, na sauti hukwaruza. Kwa hiyo mafundi huwaacha wote wawili wameushika mpini kidogo hata wakipumzika. Huko kushika kidogo ndiko nilikokuondoa mimi. Na ubaya wa mkwaruzo huu ni kwamba haumdhuru sana mwenye kupiga kelele. Humdhuru mwenye kusema taratibu.

Yupo aliyelikabili tatizo hili kwa upande mwingine. Harold Black alikuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, ambako simu za masafa marefu zilipita amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja ikiongeza kasoro yake. Tarehe 2 Agosti 1927, akiwa ndani ya feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, alipata wazo akaliandika juu ya ukurasa wa gazeti: rudisha sehemu ya sauti inayotoka, ilinganishe na iliyoingia, tofauti ijisahihishe yenyewe. Ni kama mwanafunzi wa chuoni anayesoma mbele ya maalim mwenye msahafu. Gharama yake ni kupoteza sehemu ya ukuzaji. Haki ya uvumbuzi huo aliipata baada ya miaka tisa hivi, kwani wakaguzi hawakuamini.

Mwaka 1936, katika maabara hizo hizo, William Doherty aligeukia mitambo ya kurushia matangazo ya redio, iliyokuwa ikitumia vizuri karibu theluthi tu ya umeme wake. Dawa yake Mpemba yeyote ataifahamu. Mwenye shamba la karafuu haajiri wachumaji wa msimu mwaka mzima. Huwaita mikarafuu inapozaa. Doherty aliweka vali moja ya kazi za kila siku, na ya pili iamke pale tu sauti inapopanda. Matumizi bora yakavuka nusu, na sauti haikuharibika. Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, ujuzi huu ulikuwa na umri wa miaka 15.

Nilipokuwa Chuo Kikuu nilidhani Doherty ni habari ya makumbusho. Kumbe mawimbi ya simu za mkononi hupanda na kushuka mno, na mpango wake umerudi kwenye minara ya simu duniani kote. Siku hizi huongezewa kompyuta inayoyapinda mawimbi kinyume kabla hayajaingia, mfano wa nahodha anayelielekeza dau juu ya mkondo ili lifike bandarini. Penye mnara unaoendeshwa kwa jenereta, hiyo ni dizeli inayookolewa kila siku.

Turudi Wawi. Mgeni rasmi alikuwa na sauti nene, akasikika. Kisha akasimama Maalim wetu mzee, aliyekuwa anastaafu siku ile, na mnamjua alivyokuwa akisema: taratibu, kama anayezungumza na mtu mmoja. Kwenye spika yalitoka makwaruzo matupu. Alisema kwa muda mrefu. Watu walipiga makofi kwa adabu, naye akaketi.

Jioni betri ilikuwa bado ina nguvu. Miaka kadhaa baadaye nilipiga hesabu, nikaona nilichookoa hakikufika hata robo saa ya matumizi. Maalim ameshafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami sikuwahi kumwambia. Ndugu yangu uliyekaa safu ya mbele siku ile ukamsikia bila ya spika, tafadhali niandikie kwa anwani ya Mhariri, unieleze alisema nini.