Khedive Ismail: Meli iliyoondoka Kilindini na vijana wetu

Mapema Februari 1944, meli tano zilizojaa wanajeshi ziling'oa nanga bandarini Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo katika kisiwa cha Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Moja yao iliitwa Khedive Ismail. Iliundwa Scotland mwaka 1922 iwe meli ya abiria ya kampuni ya Chile. Mwaka 1935 ikaingia mikononi mwa kampuni ya Misri na kupewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo, na vita vilipozuka Waingereza wakaichukua kubebea askari. Safari hii ilipakia watu 1,511. Wiki moja hivi baadaye, watu 1,297 kati yao walikuwa wamekufa.

Kundi kubwa kuliko yote melini lilikuwa la Afrika Mashariki: maofisa na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga. Wengine walikuwa mabaharia wa Jeshi la Majini la Uingereza, wafanyakazi wa meli, wauguzi wa jeshi zaidi ya 50, wanawake wa kikosi cha wanamaji cha Uingereza na wengine wa jeshi la Afrika Kusini, pamoja na mama mmoja na mtoto wake mchanga. Hata hivyo, kwa hesabu ya vichwa, huu ulikuwa kwanza msiba wa nyumba za Afrika Mashariki, na ni haki yetu na wajibu wetu kuusimulia hivyo.

Kwa nini vijana hao walikuwa wanapelekwa Asia? Japani ilikuwa imeiteka Burma mwaka 1942, na mwezi Aprili mwaka huohuo ndege zake ziliishambulia Colombo. Kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi lililazimika kurudi nyuma, likaifanya Kilindini kuwa makao yake. Katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, wataalamu wa Kiingereza walikesha wakifumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Kufikia mwanzo wa 1944 upepo ulikuwa umegeuka. Uingereza ilikuwa inajiandaa kuirudisha Burma mkononi, na ilitaka askari wa Kiafrika wawe sehemu ya kazi hiyo. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), waliosajiliwa katika KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, au keya kama wazee walivyoiita, na katika vikosi vya mizinga na vya uchukuzi, walisafirishwa kwanza hadi Ceylon kwa mazoezi, kisha wakaingia misitu ya Burma. Kikosi cha 301 kilikuwa katika njia hiyohiyo.

Msafara ulilindwa na manowari kubwa Hawkins na manowari mbili za kasi, Petard na Paladin. Jumamosi ya tarehe 12 Februari, ukiwa karibu na visiwa vya Maldives, bahari ilikuwa shwari. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, na watu wengi walikuwa wamekusanyika ndani ya meli kusikiliza tamasha la muziki. Baada ya saa nane mchana, nyambizi ya Kijapani I-27, iliyotumwa kutoka Penang na kuongozwa na Toshiaki Fukumura, iliufyatulia msafara topido nne. Mbili ziliipata Khedive Ismail. Meli iliinama, ikavunjika, na ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu.

Dakika tatu hazimtoshi mtu aliye sitaha za chini kupanda ngazi, sembuse mamia waliosongamana mlango mmoja huku meli ikilala ubavu. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua za kuokolea kwa utaratibu. Walionusurika ni wale walioruka, waliotupwa na mlipuko, au waliopenya madirishani, wakajikuta ndani ya maji yaliyojaa mafuta na mbao zilizovunjika.

Msiba haukuishia hapo. I-27 ilijificha chini ya maji, palepale walipokuwa wakielea manusura. Makamanda wa manowari walikuwa na uamuzi mzito mbele yao. Kuiacha nyambizi kungeziacha meli nyingine nne, na maelfu ya askari waliokuwamo, katika hatari ya kupigwa pia. Kuishambulia kulihitaji mabomu yanayolipukia chini ya maji, na milipuko hiyo humuua yeyote anayeogelea jirani. Petard ikaangusha mabomu. Baadhi ya watu waliookoka kuzama waliuawa na silaha za upande wao wenyewe, mbele ya macho ya mabaharia waliokuwa wamekuja kuwasaidia. Mwandishi wa historia anaweza kueleza hesabu iliyofanywa siku ile, na huenda akakubali kwamba haikuwa na njia rahisi. Lakini waliolipa gharama yake hawakuulizwa, na heshima kwao huanza kwa kuisema sehemu hii bila kuipunguza makali.

Hatimaye nyambizi ililazimika kuibuka. Paladin ilijaribu kuigonga na yenyewe ikatoboka ubavuni. Mizinga ya Petard ilipoonekana haiwezi kuimaliza I-27, manowari hiyo ilirusha topido moja baada ya nyingine, na ya saba ikaipasua nyambizi hiyo. Karibu mabaharia wote wa Kijapani walikufa. Katika watu wote wa Khedive Ismail walionusurika ni 214: wanaume 208 na wanawake 6. Walipelekwa kwenye visiwa vya Addu, Maldives. Wanawake 77 walipoteza maisha, na tukio hilo linahesabiwa kuwa moja ya hasara kubwa kabisa za wanawake waliokuwa katika utumishi wa vita wa Uingereza na makoloni yake.

Pwani yetu ina kumbukumbu nyingine za vita vya baharini. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, na makaburi ya mabaharia waliouawa yapo hadi leo katika kisiwa cha Chapwani. Askari wa Kikosi cha 301 waliokufa siku ile hawana kaburi la kuzuru. Wazazi wao hawakushika jembe wala kutia udongo. Kilichobaki kwao ni majina, na majina hayo yamechongwa katika Mnara wa Afrika Mashariki uliomo ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Hapo wameandikwa pamoja na wenzao wa Vita Kuu ya Pili waliokufa bila kaburi linalojulikana.

Kuandikwa huko si jambo dogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi na askari wengi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, maradhi na risasi, na majina yao hayakuchongwa popote. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Tunajua basi maana ya kufa bila kuandikwa. Askari wa Khedive Ismail waliandikwa, ila jina lililoko ukutani hukaa kimya mpaka mtu aje alisome.

Wapo wanaosema vita vile vilikuwa vya mkoloni, kwa hiyo havituhusu. Ni kweli kwamba vijana wale walikuwa raia wa koloni, wakipigania dola iliyowanyima sauti katika nchi zao wenyewe. Hilo lisiwe sababu ya kuwanyima kumbukumbu mara ya pili. Mtoto wa mtu aliyeondoka Kilindini na asirudi alikuwa wetu kabla hajavaa sare, na amebaki wetu baada ya sare hiyo kuzama naye.

Kinachotakiwa kinawezekana. Walimu wa historia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Malawi waifundishe tarehe 12 Februari 1944 pamoja na Burma, kwa maana safari ya Burma ilianzia katika bandari yetu. Mombasa iwe na saa moja ya siku hiyo ya kuyasoma majina kwa sauti, bandarini, mbele ya wanafunzi. Na familia zenye babu aliyekwenda keya asirudi ziingie katika orodha za tume ya makaburi ya vita, ambazo ziko wazi kwenye intaneti, zitafute jina lake. Likipatikana, lifikishwe nyumbani, liandikwe katika ukoo, na watoto waambiwe alikuwa mpiga mizinga, na mahali alipofia.