Ujifunzaji wa Upambanuzi wa Hisi kwa Mtoto Mwenye Upungufu wa Umakini

Istilahi "ujifunzaji wa upambanuzi wa hisi" inapendekezwa hapa kwa dhana ya saikolojia inayohusu mabadiliko ya kudumu katika uwezo wa mtu wa kuona, kusikia au kugusa tofauti ambazo awali zilimpita, mabadiliko yanayoletwa na mazoezi, si na kukua kwa jicho au sikio. Mwaka 1955 Eleanor Gibson na mumewe James Gibson walishikilia kwamba anayejifunza haongezi kitu juu ya kile anachokiona, bali huzidi kupambanua kilichomo, hoja ambayo Eleanor aliipanua katika kitabu chake cha mwaka 1969. Neno "hisi" linafaa kuliko "hisia", ambalo kwa msomaji wa kawaida ni furaha na huzuni, na "upambanuzi" ni afadhali kuliko "utambuzi", ambalo tayari limebebeshwa shughuli zote za akili kuanzia kumbukumbu hadi hesabu.

Mfano wa dhana hii unapatikana Chebunyo, katika Kaunti ya Bomet, ambako watoto wengi huingia shuleni wakiwa na Kikipsigis kama lugha ya kwanza. Katika lugha hiyo p na b, vilevile k na g, hazitenganishi maana za maneno, kwa kuwa sauti ghuna, yaani b na g, hujitokeza hasa pale konsonanti inapozungukwa na irabu, ilhali Kiswahili hutenga "pata" na "bata", "koti" na "goti". Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba mtoto mchanga wa miezi 6 hadi 8 hutofautisha hata sauti za lugha asiyoisikia nyumbani, lakini anapokaribia kutimiza mwaka uwezo huo huwa umefifia sana. Kwa hiyo mwanafunzi wa Gredi ya 1 anayeandika "koti linauma" hajakosa akili wala bidii. Sikio lake lilijifunza vyema lugha ya mama, na sasa linatakiwa kujifunza upya.

Kazi hiyo huwa ngumu zaidi kwa mtoto mwenye upungufu wa umakini na kutotulia, hali inayojulikana kimataifa kwa kifupi cha ADHD. Kwa mujibu wa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, dalili zake sharti zidumu angalau miezi 6, baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, na zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni. Baadhi ya waandishi huitafsiri kwa neno "utukutu", na hilo ni kosa linaloumiza, kwa sababu utukutu ni jina la lawama wala halielezi chochote kuhusu umakini.

Umakini ndio unaoziunganisha istilahi hizi mbili. Merav Ahissar na Shaul Hochstein walibaini mwaka 1993 kwamba watu waliofanya mazoezi ya kuangalia sifa moja ya picha hawakupata nafuu kubwa katika sifa nyingine ya picha ileile, ingawa zote zilikuwa mbele ya macho yao. Hata hivyo mlango wa kujifunza bila umakini haukufungwa kabisa, maana mwaka 2001 Takeo Watanabe na wenzake walionyesha kwamba hata mwendo hafifu usiotambulika, wala usiohusu kazi anayoifanya mtu, unaweza kumwachia ujuzi.

Linalojirudia mno katika tafiti za ADHD ni kuyumbayumba kwa majibu: mtoto hujibu upesi na kwa usahihi mara kadhaa, kisha huchelewa au hukosa jambo lilelile. Mwalimu anaweza kulitumia hili anaposoma imla, kwani mtoto ambaye sikio lake bado halijatenga k na g huelekea kukosea karibu kila mara, ilhali yule anayeponyokwa na umakini huandika "goti" sawasawa katika mstari wa kwanza na kulikosa katika wa tano. Wa kwanza anahitaji kusikia jozi hizo kutoka vinywa vya watu wengi tofauti. Wa pili anahitaji vipindi vifupi na mapumziko, na mtoto mmoja anaweza kuhitaji yote mawili. Tathmini kamili ni kazi ya wataalamu, wakiwemo wa vituo vya tathmini na nyenzo za elimu vilivyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1984.

Kwa vijana balehe istilahi ya ADHD inapaswa kubaki na sehemu zake zote mbili, kwa kuwa kutotulia kwa mwili hupungua kadiri umri unavyosonga, huku upungufu wa umakini ukiendelea kwa wengi, hata kijana aliyetulia kimya kwenye dawati akahesabiwa kuwa amepona ilhali bado nusu ya somo inampita.