Nyimba Zilizovuka Mpaka



Gitaa la Franco likilia redioni, marehemu baba yangu wa Adumi alinyamaza. Sisi watoto tulidhani amechoka. (Najua masheikh wana neno juu ya gitaa, leo nasimulia tu.)

Idi Amin alianguka Aprili 1979. Oktoba 1980 vita vikaingia West Nile, askari wakalipiza kisasi kwa raia, na watu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Kutoka Adumi, Zaire ni jirani. Wazazi wangu walivuka kwa miguu, na mtoto mmoja mgongoni.

Huko Kilingala kilikuwa lugha ya sokoni, na redio za jirani zilipiga rumba mchana kutwa. "Mario" ya Franco ilipotoka mwaka 1985, wengi walikuwa bado ng'ambo.

Mama hakuhitaji redio. Yeye alikuwa na dholuka, ngoma ya akina mama wa Kinubi; harusini kambini walipiga debe badala ya ngoma.

Yule mtoto wa mgongoni hakurudi. Ni dada yetu mkubwa, amezikwa huko. Baba alituambia mara moja tu, redio ikiwa imewashwa. Allah awarehemu.