Barabara ya Makobola kati ya maji mawili



Kila mvua kubwa ikinyesha, Makobola tunaulizana swali moja: barabara imepona? Kwetu barabara ni moja tu, RN5, ile inayotoka Uvira kwenda Baraka na Fizi. Upande huu milima ya Mitumba, upande ule ziwa Tanganyika, katikati sisi. Ndiyo njia ya magari na pikipiki, ndiyo soko, ndiyo njia ya watoto kwenda masomo na ya wamama wanaobeba mihogo na ndagala. Siku hizi vijana tunaongea sana juu ya kuitengeneza. Mimi nilisoma agronomia, si ujenzi. Lakini naona kabla ya kuchora mpango wowote tusome kwanza historia ya maji yetu. Na maji ni mawili: ya chini na ya juu.

Tuanze na ya chini. Ziwa linapokea mito mingi, ila lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi 1858. Stanley na Livingstone walipita upande huu wa kaskazini 1871. Stanley aliporudi Ujiji 1876, alikuta miti iliyokuwa sokoni iko ndani ya maji. Kumbe Lukuga ilikuwa imezibwa na udongo na majani. Karibu 1878 kizuizi kilifunguka, na miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Likapanda tena kwa mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, kilele kikawa 1964. Halafu tukajionea wenyewe 2020, 2021, na 2024, wakati bandari ya Kalundu ilipoingiliwa na maji. Basi tusiseme ziwa lilituvamia. Lilirudi mahali pake.

Maji ya juu hayana subira. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na Kalimabenge ziliingia mjini Uvira na mawe na matope. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, madaraja yakaenda. Milima ya Makobola ni ileile, na vijito vyetu ni vifupi: mvua ikipiga kule juu, muda kidogo tu maji yako barabarani.

Sasa nani alituweka katikati? Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walisukuma vijiji vya Kongo visogee kando ya barabara, iwe rahisi kuhesabu watu, kutoza kodi na kupata mikono ya kutunza barabara. Huku Kivu walilazimisha pia mitaro ya kuzuia mmomonyoko milimani. Kazi yenyewe ilikuwa na faida, ila ilikuwa kazi ya fimbo. Uhuru ulipokuja 1960, wengi waliiacha. Mobutu akaleta salongo, nayo watu wakaiona ni amri tu.

Kisha vita. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, Makobola ilipoteza watu wake kwa mamia. Wengi walivuka ziwa kukimbilia Tanzania. Kuanzia 2005, HCR ilipoanza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma kupitia Baraka, watu walihitaji kiwanja. Kilichokuwa wazi ni ufuko na midomo ya vijito. Baba mdogo wangu alijenga pale. Hakukosa akili. Ziwa lilikuwa limeshuka, na hakuna aliyemwambia la 1964.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Moja, tusiombe tu barabara iinuliwe. Barabara iliyoinuliwa bila matundu mapana chini yake inageuka ukuta: maji ya mlimani yanasimama na kuzamisha nyumba za juu. Kila kijito kipewe daraja au karavati yenye upana wa kitanda chake wakati wa mafuriko, si bomba dogo. Pili, njia ya watu wa miguu ipite upande wa mlima, iwe juu kidogo ya barabara, na kando yake kanivo inayosafishwa, pamoja na miti ya kivuli. Tatu, milimani turudishe mitaro na mistari ya vetiva na matete, safari hii kwa mapatano na wenye mashamba. Nne, ukanda wa ziwani ubaki wa mboga, mpunga na kuanika ndagala. Mazao ya miezi mitatu yakizama, yanapandwa tena.

Nilimwelezea baba mdogo hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: « Mukipanda lengalenga pale, mimi nitalala wapi? »

Sina jibu kamili. Najua tu kwamba mpango usio na kiwanja kingine kwa watu wa ufuko utakuwa kazi ya fimbo kwa mara nyingine, na utaachwa kama ile mitaro.

Hata hivyo kuko kazi isiyongoja pesa. Wazee waliokuwa watoto 1964 wangali wako. Tutembee nao, watuonyeshe maji yalifika wapi. Tupige alama ya rangi kwenye mawe na kuta, pembeni tuweke ile ya 2020 na ya 2024. Kijana anayetafuta kiwanja kesho aione kabla hajatoa pesa yake.