Mwanga Mwekundu na Miwani ya Wauguzi wa Copenhagen

Mwaka 1893 daktari kijana wa Denmaki, Niels Ryberg Finsen, mzaliwa wa Visiwa vya Faroe, alitoa pendekezo lililowashangaza wengi: wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia au vioo vyekundu. Alidai kuwa miale ya buluu na urujuani ndiyo inayoichoma ngozi na kuzidisha makovu ya uso, ilhali mwanga mwekundu hauna madhara. Ndui haikupona kwa mapazia. Hata hivyo, sifa ya upole ya mwanga mwekundu ilibaki.

Finsen mwenyewe aliigeukia miale ileile mikali aliyoiogopa. Kifua kikuu cha ngozi kilikuwa kikiwala watu pua, midomo na mashavu, wengine wakijificha ndani kwa miaka. Mwaka 1895 alianza kumtibu mhandisi mmoja mwenye ugonjwa huo kwa taa kali ya umeme, na mwaka uliofuata taasisi yake ikafunguliwa Copenhagen. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Mwaka mmoja baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 43.

Picha za taasisi hiyo zinaonyesha jinsi kazi ilivyofanywa kwa uangalifu. Taa moja imening'inia katikati ya chumba, na mirija yenye lenzi inateremka kuelekea kwa wagonjwa waliolala. Kila mgonjwa ana muuguzi wake aliyevaa miwani myeusi. Muuguzi huyo hukandamiza kwenye kidonda kifaa kidogo cha jiwe angavu la kwatzi, ambacho ndani yake hupita maji baridi. Maji yalizuia ngozi isiungue. Mkandamizo nao ulisukuma damu kando, kwa kuwa Finsen alikwisha kuona kwamba karatasi ya picha iliyowekwa nyuma ya sikio hubadilika rangi upesi sikio likibanwa kwa vioo, lakini damu ikiwa imejaa, miale haipenyi. Kila mara kilitibiwa kipande kidogo tu cha ngozi, kwa saa moja au zaidi, na matibabu yaliendelea kwa miezi.

Mwanga mwekundu, wakati huo, ulichujwa na kutupwa kama joto lisilohitajika.

Ulirudi kupitia Hungaria. Mwaka 1967 huko Budapest, Endre Mester aliwanyoa panya na kuwamulika kwa leza ya yakuti yenye nguvu ndogo, akitaka kujua kama ingewadhuru. Uvimbe wa saratani aliouhofia haukutokea. Badala yake, manyoya yaliota haraka zaidi. Baadaye aliijaribu leza kwenye vidonda sugu vya binadamu. Taa za LED zilipopatikana kwa bei nafuu, mwanga huo ulitoka maabara na kliniki ukaingia vyumbani, ukiwa umeshonwa ndani ya barakoa za plastiki za kuondoa chunusi na makunyanzi.

Hapo sifa ya upole ikaanza kutiliwa shaka. Mwaka 2019 kampuni ya Neutrogena iliondoa sokoni barakoa yake ya chunusi, iliyotumia mwanga mwekundu na wa buluu. Hofu ilikuwa kwamba macho ya watumiaji wachache yangeweza kudhurika, hasa wenye magonjwa fulani ya retina, wenye ualbino wa macho, na wanaotumia dawa zinazofanya macho yaathiriwe kwa urahisi na mwanga.

Kwa hiyo vijikaratasi vya vifaa hivi mara nyingi humtaka mtumiaji avae miwani, asizidishe dakika, na amwone daktari kwanza ikiwa ana ugonjwa wa lupus au anameza dawa kama doksisaiklini, ambayo pia hutumiwa na wasafiri kama kinga ya malaria. Mwenye madoa meusi ya melasma naye huonywa, maana joto na mwanga vinaweza kuyakoleza. Huko Copenhagen kazi hiyo yote ya uangalifu ilikuwa ya muuguzi. Sasa ni ya mnunuzi mwenyewe, aliyelala kitandani na barakoa usoni.